Chumba Nacho ni Spika

Mtu akitaka muziki mzuri nyumbani kwake hukimbilia dukani. Huko huuliza spika ina wati ngapi, wufa ina ukubwa gani, na taa zake humulika rangi ngapi. Ni nadra sana kumsikia akiuliza swali hili: je, hiyo spika itakwenda kuimba ndani ya chumba cha namna gani? Ilhali chumba nacho ni spika. Sauti ikishatoka kwenye chombo hugonga ukuta, ikagonga sakafu, ikapanda hadi kwenye mabati na kurudi chini, na kile kinachofika sikioni ni mchanganyiko wa hayo yote. Mwenye chombo kizuri na chumba kibaya ni sawa na mwenye unga mzuri na sufuria iliyotoboka.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza majaribio niliyoyafanya wakati wa likizo ya Agosti katika sebule ya Babu yangu hapa Suneka. Vifaa vyangu vilikuwa magunia, mabanzi ya mkaratusi na nguo kuukuu. Sikuyafanya kwa kutaka kupitisha wakati. Palikuwa na jambo lililotusumbua nyumbani, na jambo lenyewe lilikuwa linakimbizana na umri wa mzee.

Hapa kwetu, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Rongo, nyumba nyingi za siku hizi zimejengwa kwa matofali, zikapigwa lipu, zikasakafiwa kwa saruji na kuezekwa kwa mabati. Ni nyumba imara na huwaletea wenyewe heshima. Sebule ya Babu ni mojawapo. Urefu wake ni mita 4.25, upana mita 3.4, na kimo chake, ukikadiria kati ya pembeni na kileleni, ni kama mita 3. Haina dari. Sakafu imepakwa rangi nyekundu na kung'arishwa hadi unaweza kuuona uso wako. Ukipiga kofi moja tu humo ndani, kofi hilo halifi upesi. Kuta hulijibu kwa mlio mkali kama wa waya uliokazwa halafu ukaachiliwa ghafla.

Katika pembe moja ya sebule, juu ya kabati la vyombo lenye milango ya vioo, palikuwa na amplifaya, deki ya kaseti na spika mbili za mbao ambazo Babu alizinunua mwaka wa 1989. Mtambo huo ni mzee lakini haujachoka. Kanda anayoipenda kuliko zote haiuzwi katika duka lolote. Ilirekodiwa harusini mwaka wa 1987, na anayeimba ndani yake ni kaka yake mkubwa Babu, aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Anaimba huku akipiga obokano.

Kwa msomaji asiyeijua, obokano ni ala ya Abagusii yenye nyuzi 8. Ni jamaa ya nyatiti ya Waluo, ila yetu ni kubwa zaidi, na sauti yake ni nzito, inanguruma kama radi iliyo mbali. Mpigaji huimba sifa, maonyo na habari za watu. Almuradi maneno ndiyo mzigo, na nyuzi ndizo zinazoubeba.

Basi shida yetu ilikuwa hii: hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuyafuata maneno ya kanda hiyo. Sisi vijana, Ekegusii cha wazee wa zamani hutupita kando. Babu, ambaye ndiye pekee angeweza kutufasiria, alisema kwamba anasikia mngurumo mtupu. Kanda nayo inazeeka. Kila ikizungushwa huchakaa kidogo. Aidha, si kanda tu iliyomshinda. Watu wakizungumza sebuleni, Babu alikuwa anatikisa kichwa tu kama anayekubali, kisha analiaga kundi mapema na kwenda kulala. Alikuwa amepelekwa hospitalini akapimwa masikio, na ikaonekana kwamba amepoteza uwezo wa kusikia sauti nyembamba za juu, kama ilivyo kawaida ya wazee wengi. Tangu hapo ikawa ni kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Watu wakaanza kuzungumza juu yake mbele yake.

"Mzee hasikii tena," Baba mdogo alisema jioni moja. "Dawa ni spika kubwa. Tuuze ule mtamba, nilete wufa ambayo hata walioko sokoni wataisikia."

Babu, kumbe hilo alilisikia, akacheka. "Mwanangu, mimi kelele nazisikia. Maneno ndiyo siyasikii."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Kama mtu anasikia kelele lakini hasikii maneno, kumwongezea kelele kutamsaidia nini? Nikawaomba wazee kwa heshima: "Nipeni likizo hii tu kabla mtamba haujauzwa. Nataka kukitibu chumba." Baba mdogo akaguna, "Chumba nacho huugua?" Lakini Babu akaniruhusu.

Hebu sasa tutazame ugonjwa wenyewe. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kila sekunde. Maana yake ni kwamba, katika sebule ya Babu, inaweza kuuvuka urefu wa chumba mara 80 kwa sekunde moja. Kila inapogonga saruji au lipu hupoteza nguvu kidogo sana, kwani ukuta mgumu hurudisha zaidi ya sehemu 95 katika kila 100. Kwa hivyo neno likishatamkwa huendelea kuzunguka chumbani baada ya msemaji kufunga mdomo. Mzunguko huo mimi nauita mvumo.

Mvumo huu huyadhuru maneno kwa njia ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuielewa kuliko watu wengine. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu. Irabu ina nguvu, na konsonanti nyingi ni dhaifu: zile t, s, f na k ni pumzi fupi tu, tena zimo katika sauti za juu, zile zile ambazo masikio ya mzee yanaanza kuzipoteza. Mtu akisema kwa mwendo wa kawaida hutoa silabi tano hivi kila sekunde. Katika chumba chenye mvumo, irabu ya silabi ya kwanza inakuwa bado inazunguka wakati konsonanti ya silabi ya pili inazaliwa. Irabu inaikalia konsonanti. Kijana mwenye masikio mazima huipapasa akaipata. Mzee huambulia "aaa-eee-aaa". Ukiongeza sauti kwa kutumia spika kubwa, unaongeza konsonanti na mvumo pamoja, na vita vinabaki pale pale.

Nilipomweleza Babu haya, akanipa ushahidi ambao haumo katika kitabu changu cha Fizikia. Akasema kwamba katika nyumba ya mama yake, nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, mtu alikuwa akinong'ona upande mmoja wa moto na wa upande wa pili anamsikia. Tena obokano ilipopigwa humo, kila neno lilikuwa peke yake. Nilipofikiri niliona ana haki. Nyasi za paa ni nene na zimejaa vijitundu. Sauti ikiingia humo husuguana na nyasi, nguvu yake ikageuka kuwa joto kidogo sana, ikaishia huko. Tulipohamia kwenye saruji na mabati tulipata mengi mazuri, lakini tuliacha nyuma kitu ambacho hakuna aliyejua kwamba tulikuwa nacho: paa linalonyonya sauti.

Somo hili lina mwanzilishi wake. Mwaka wa 1895 mwalimu kijana wa Fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aitwaye Wallace Sabine, aliombwa atengeneze ukumbi mmoja wa mihadhara ambao wasikilizaji hawakuwa wakielewa lolote humo. Neno moja lilikuwa likivuma kwa zaidi ya sekunde 5. Sabine alifanya kazi yake usiku, wakati mji umetulia. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine wa jirani, akaipanga humo kidogo kidogo, akapiga filimbi ya kinanda na kupima kwa saa muda ambao sauti ilichukua kuzimika. Hata mavazi yake aliyahesabu, maana nguo nazo hunyonya sauti. Kutokana na hayo alipata kanuni: zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa vitu vyote vilivyomo. Kanuni hiyo ilitumika kujenga ukumbi wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka wa 1900 na ambao unasifiwa hadi leo.

Mimi nikaileta kanuni ya Sabine Suneka. Ujazo wa sebule ya Babu ni mita 43 za ujazo. Sabine alihesabu unyonyaji kwa kuulinganisha na dirisha lililo wazi, maana sauti ikitoka dirishani hairudi. Nilikadiria kwamba kuta, sakafu, mabati na makochi ya Babu yote pamoja yalinyonya sawa na dirisha la mita mraba 5 na nusu. Hesabu ikatoa sekunde 1.3 hivi. Sebule ya kusikilizia inapendeza ikiwa karibu na nusu sekunde. Basi dawa ilikuwa wazi: nikiongeza unyonyaji wa mita mraba 6 hivi, mvumo ungepungua kwa nusu.

Kabla ya kugusa chochote nilitengeneza kipimo. Nilichagua maneno kumi ambayo yanatofautiana kwa mwanzo tu: taa, kaa, paa, saa, faa, vaa, jaa, zaa, baa na njaa. Nikayarekodi kwa simu ya Mama, kila neno mara tano, nikiyachanganya ovyo ili Babu asiyakariri. Jumla yakawa maneno 50. Niliyacheza kupitia spika zake, kitasa cha sauti kikiwa kimewekewa alama ya chaki ili kiasi kisibadilike. Babu aliketi, akarudia kila alichosikia, nami nikaandika. Siku ya kwanza alipata 24. Alipata "kaa" mahali pa "taa", "faa" mahali pa "saa", na "njaa" akaikosa hata mara moja pasipokuwa na haja ya utani, ingawa Mama alitoka jikoni kuuliza ni nani aliye na njaa.

Jaribio la kwanza halikugharimu senti. Niliziondoa spika juu ya kabati la vyombo. Pale zilikuwa na hasara mbili. Kwanza, obokano ikinguruma, vioo na sahani navyo vilikuwa vinaitikia. Pili, spika iliyo pembeni huegemea kuta mbili kwa pamoja, na kila ukuta ulio karibu huisukuma besi irudi chumbani, hadi mngurumo unafunika kila kitu. Nilizileta mbele kama mita moja kutoka ukutani, nikaziweka juu ya vibao ili spika ndogo ya sauti kali iwe sawa na masikio ya mtu aliyeketi. Chini yake niliweka vipande bapa vya mawe ya sabuni kutoka Tabaka. Hayana uchawi wowote, ila ni mazito na hayatikisiki. Babu akapata 27.

Jaribio la pili pia lilikuwa la bure: kiti cha Babu. Miaka yote kilikuwa kimeegemezwa ukuta wa nyuma, mita tatu na zaidi kutoka kwenye spika. Nilikisogeza hadi mita moja na nusu. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayokujia moja kwa moja huongezeka nguvu mara nne, ilhali mvumo hubaki vile vile chumba kizima. Fauka ya hayo, ukuta wa nyuma ndiko besi inakorundikana. Chumba chenye urefu wa mita 4.25 hupenda sana sauti yenye mitetemo 40 kwa sekunde, na upana wa mita 3.4 hupenda ile ya mitetemo 50. Sauti hizo hujazana kwenye kuta na pembe, na anayeegemea ukuta huzipokea zote mgongoni. Alama zikapanda hadi 33. Baba mdogo, aliyekuwa mlangoni akijifanya kwamba haangalii, akauliza, "Ni kiti tu?" Nikamjibu, "Ni kiti tu."

Sasa ukaja wakati wa trei za mayai. Kila kijana anayerekodi nyimbo chumbani kwake atakuambia ubandike trei za mayai ukutani. Nilipata trei 16 na kuzibandika. Babu akapata 34. Neno moja si tofauti ya kujivunia. Sababu yake ni wembamba. Kitu kinachonyonya sauti hufanya kazi vizuri pale hewa inapokwenda mbio, na mahali hapo si ukutani penyewe, bali ni umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina wimbi la sentimita 34, kwa hivyo robo yake ni sentimita 8.5. Karatasi nyembamba ya trei haifiki huko. Na kwa sauti ya mitetemo 50, robo ya wimbi ni mita 1.7! Hakuna blanketi la unene huo. Ndiyo maana besi hutibiwa kwanza kwa kuhamisha spika na kiti.

Niliziondoa trei nikatengeneza fremu sita kwa mabanzi ya mkaratusi, kila moja mita 1.2 kwa mita 0.6, kina chake sentimita 10. Nilizijaza sweta na jaketi za mitumba zilizochakaa kiasi cha kutouzika, ambazo mama mmoja sokoni alinipa gunia zima kwa bei ya kutupa. Zilifuliwa na kuanikwa kwanza. Juu yake nilishona gunia la mkonge, kisha nikazitundika nikiacha nafasi ya sentimita 5 kati ya fremu na ukuta, ili unene na nafasi vifanye kazi pamoja. Mwanzoni nilikuwa nimejaza fremu moja kwa majani makavu ya migomba, kwa kuwa hapa Kisii hayo hayanunuliwi. Yananyonya kiasi, lakini panya waliyapenda upesi kuliko sisi, kwa hivyo nikayarudisha shambani.

Mahali pa kutundika nilipapata kwa kioo. Babu aliketi kitini, na dada yangu mdogo akasogeza kioo ukutani polepole. Kila mahali Babu alipoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti ilipokuwa ikigonga na kuelekea kwake. Hapo tukaweka alama. Kwenye ukuta wa nyuma nilipanga rafu ya vitabu vya ukubwa mbalimbali, kwa maana sura isiyo sawa huitawanya sauti badala ya kuirudisha kama mpira. Nikatandika zulia la mitumba sakafuni. Babu akapata 40.

Lililobaki ni mabati. Kati ya sakafu na paa sauti ilikuwa bado inapanda na kushuka. Nilishona magunia manne pamoja, nikayatundika kama dari legevu juu ya kiti na spika. Alama zikafika 43. Nilijaribu pia kuweka mitungi miwili ya plastiki ya lita 20 pembeni, midomo ikiwa wazi, kwa sababu mtungi wa aina hiyo, kama chupa unayoipuliza, una sauti yake yenyewe, na kwa hesabu inaangukia karibu na mitetemo 50. Warumi wa kale waliandika juu ya vyungu vya shaba katika kumbi za maigizo, na makanisa ya zamani ya Ulaya yalijengewa vyungu ndani ya kuta. Sikuweza kusikia tofauti. Mitungi ikarudi jikoni.

Na mvua? Kisii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na aghalabu hunyesha alasiri. Mvua ikipiga mabati matupu, hakuna gunia litakalokuokoa. Dawa yake ni dari la kweli, na hilo lina gharama yake. Sisi tulikubaliana kusikiliza asubuhi.

Gharama yote ilikuwa shilingi 1,730: magunia, mitumba, misumari na zulia. Mtamba ulikuwa bado unakula majani nyuma ya nyumba.

Siku ya Jumamosi asubuhi tuliweka kanda. Babu aliketi mbele ya spika, mimi nikiwa na daftari. Obokano ikaanza. Mngurumo ulikuwepo, lakini sasa ulikuwa na mipaka. Kila uzi ulilia na kunyamaza. Kaka yake akaanza kuimba. Babu akainua mkono: "Simamisha." Akanitamkia mstari mzima. Nikaandika. Tukarudia, tukaendelea. Mwimbaji alikuwa anawasalimu waliohudhuria harusi, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao ya ujanani. Tulipofika mtu wa saba Babu alinyamaza. Nilidhani ameukosa mstari, nikataka kurudisha kanda nyuma.

"La, acha," akasema. "Hapo ananiita mimi."

Kisha akanieleza jina lenyewe, jina la utani ambalo kaka yake pekee alikuwa akilitumia walipokuwa wakichunga ng'ombe. Alikuwa ameicheza kanda hiyo kwa miaka mingi sebuleni mwake, na jina lake lilikuwa limo ndani yake wakati huo wote, limefunikwa na kuta.

Asubuhi tatu tulizikalia kazi hiyo. Tuliandika kurasa 11. Kuna mistari sita ambayo imepotea kabisa, mahali kanda ilipochakaa, na hapo hakuna gunia linaloweza kurudisha kitu. Iliyobaki imeandikwa kwa Ekegusii na Babu ameifafanua kwa Kiswahili, na kanda yenyewe nimeinakili kwenye simu.

Nisikudanganye, msomaji: masikio ya Babu hayakupona. Maneno 7 katika 50 bado yanampita, na sokoni penye kelele bado humbidi mtu kurudia. Lakini siku hizi haendi kulala mapema. Watu wakizungumza sebuleni yeye hujibu, tena hujibu na yale ambayo wangependa asiyasikie. Baba mdogo mwenyewe amesema kwamba mtamba ukiuzwa, pesa zitakwenda kwenye vifaa vya kuvaa masikioni vya kumsaidia kusikia. Hilo ni wazo zuri, na hata vifaa hivyo vitafanya kazi vizuri zaidi katika sebule iliyotulia, kwani navyo hukuza mvumo sawa na vinavyokuza maneno.

Neno moja la tahadhari kwa atakayejaribu kwake. Nguo, magunia na hasa sponji hushika moto upesi. Mwaka wa 2003, katika klabu ya muziki iitwayo The Station huko Rhode Island, Marekani, sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia sauti ilishika moto wa fataki, na watu 100 wakafa. Mwaka wa 2013, katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazil, yakatokea yayo hayo, na watu 242 wakapoteza maisha. Basi usibandike sponji. Weka fremu zako mbali na koroboi, mshumaa, jiko na nyaya zilizochubuka, na usiuzibe mlango wala dirisha. Mimi ile fremu iliyokuwa karibu na swichi ya taa niliihamisha siku hiyo hiyo.

Nikiendelea kuwaza, ninaliona bwalo letu la shule. Nalo ni saruji chini na mabati juu. Humo ndimo chama chetu hufanyia midahalo, na walioketi nyuma hupiga makofi kwa kufuata walioketi mbele. Huwa tunawalaumu kwamba hawamakiniki. Labda si wao. Napendekeza kwamba muhula ujao chama kipime: tuchukue yale maneno kumi, tumweke mwenzetu mmoja jukwaani, na walioko nyuma waandike wanachosikia. Tukipata matokeo mabaya, tuombe ruhusa ya kutundika magunia kwenye ukuta wa nyuma, mbali na jikoni.

Hata kabla ya magunia, kuna dawa ambayo kila msemaji anayo. Ukisimama katika bwalo la namna hiyo, punguza mwendo. Ipe kila irabu nafasi ya kufa kabla hujaizaa konsonanti inayofuata, na usogee karibu na watu. Ukiwa nyumbani, na mzee akakuuliza mara ya pili ulichosema, usimpigie kelele. Kelele anazisikia. Msogelee, umwangalie usoni, kisha useme polepole.